Kikundi cha familia: spana za marehemu babu

Salum (Kigoma): Shikamooni wakubwa. Nasafisha stoo ya babu, nimekuta hizi. [picha 2] Ndefu inafika karibu mita moja. Hii fupi mnene mizani ya dukani inasema kilo 7. Za nini? Jamaa wa vyuma chakavu yuko getini hapa.

Baba Rehema: Za lori la jeshi hizo.

Mwajuma: Za kufungulia jeneza la chuma 😂

Shangazi Zuhura: Marahaba Salum. Huyo wa chakavu aende zake kwanza.

Mjomba Athumani: Sugua kutu kidogo kwenye mpini, usome herufi. Kitambaa na mafuta ya taa, si msasa!

Salum: Zote zina EAR&H. Ndefu ina 7/8 W. Fupi ina 2 W. Ila mjomba, mdomo wa hii fupi nimeupima ni sentimita 8 kamili. Inchi 2 si sentimita 5 tu?

Mjomba Athumani: W ni Whitworth, vipimo vya Kiingereza tangu 1841. Namba ile ni unene wa boliti, si upana wa mdomo. Boliti ya inchi 2 nati yake ina inchi 3.15, ndiyo hizo sentimita 8 zako. Ndefu mdomo utakuta karibu milimita 38.

Salum: 38 kweli 😳

Mjomba Athumani: Na EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, 1948 hadi 1969. Baada ya hapo reli na bandari wakatengana. Kwa hiyo mhuri huo haukupigwa juzi.

Baba Rehema: Basi ni za gari moshi.

Mjomba Athumani: Ndefu ni ya njia ya reli, si ya gari. Reli mbili zinapokutana kuna vipande viwili vya chuma ubavuni, vinabanwa kwa boliti. Genge la wafanyakazi wa njia linapita na spana kama hiyo linakaza zilizolegea. Mpini mrefu ili mtu mmoja aliyesimama atoshe. Na hukazi mpaka mwisho, reli ikipata jua lazima itanuke.

Mwajuma: Na hiyo fupi? Mpini wenyewe hautoshi hata mikono miwili.

Mjomba Athumani: Haishikwi kuzungushwa. Salum, tazama kisogo cha mpini, kimekuwaje?

Salum: Kimepondeka, kimechanua kama uyoga.

Mjomba Athumani: Nyundo imefanya hivyo. Ni spana ya kugonga. Unaivika kwenye nati, mmoja anaishikilia kwa kamba akiwa kando, mwenzake anapiga kisogo. Nati kubwa iliyoshikana haisikii kuvutwa, inasikia kishindo. Tulikuwa nazo karakana ya Morogoro. Ila boliti ya inchi 2 si ya njia ya reli kabisa, ni ya mashine kubwa.

Baba Rehema: Sasa mtu wa genge aliitaka ya nini?

Shangazi Zuhura: Nyie hamkumbuki. Baba alianza genge la Uvinza, mgongo ukamsumbua, akahamishiwa bandarini Kigoma. Alikuwa akirudi na grisi mpaka kwenye kanzu, mama anagomba.

Mjomba Athumani: Ahaa! Basi meli. Meli za ziwa zilikuwa chini ya EAR&H hiyo hiyo, na Liemba ilitumia mvuke hadi miaka ya 1970.

Mwajuma: Liemba ile ya Wajerumani?

Mjomba Athumani: Ndiyo. Ilitengenezwa Papenburg, ikaja vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. 1916 waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924. Sisemi spana hii ilifanya kazi humo, lakini bandarini nati za ukubwa huo zilikuwa na pa kukaa.

Salum: Jamaa amepandisha bei.

Shangazi Zuhura: Mwambie mzee wetu hajafa wote. Zipake mafuta, uzilaze chumbani kwangu.

Salum: Hiyo ya kilo 7 sawa. Ndefu haipiti kona ya korido 😅

Mjomba Athumani: Isimamishe.