Cheti cha mfamasia kiko ukutani, mwenyewe yuko wapi?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Juzi mama kaamka goti linamuuma. Ni mtu wa presha miaka mingi, na vidonda vya tumbo anavyo. Mimi niko kazini, kamtuma mjukuu wake famasi ya hapo mtaani. Binti wa kaunta hakuuliza mgonjwa ni nani, ana umri gani wala anatumia dawa gani nyingine. Kachukua mkasi, kakata kipande cha diklofenaki, dawa ya maumivu, katia kwenye bahasha ya kaki, kaandika 1x3. Basi! Mkasi wenyewe umepita katikati ya jina la dawa, tarehe ya kuisha muda imebaki dukani. Usiku mama kajikunja na tumbo, tukipima presha iko juu. Diklofenaki inaumiza vidonda na inapandisha presha, hilo mfamasia wa kweli hahitaji kufungua kitabu.

Nikaenda mwenyewe. Nauliza mfamasia yuko wapi, naonyeshwa ukutani. Picha ipo, mhuri upo, mtu hayupo. "Huwa anapitia." Lini? "Mwisho wa mwezi." Kuchukua hela ya cheti, siyo? Hii Sheria ya Famasi ya 2011 ilitungwa ili dawa zisimamiwe na mtu aliyesajiliwa, siyo na fremu ya kioo.

Na asije mtu hapa kuniambia eti nawachukia wafamasia. Mimi nawataka! Mfamasia akiwepo anauliza maswali, anampigia daktari aliyeandika dozi ya ajabu, na ana haki ya kukunyima dawa hata kama hela unayo. Asichoruhusiwa ni kukuangalia usoni akakutangazia ugonjwa na kukuandikia antibiotiki. Sasa pale pale nabishana, jamaa kaingia anapiga chafya, katoka na azithromaisini, antibiotiki ya kuua bakteria, bila karatasi ya daktari. Mafua ni virusi jamani, hiyo dawa inamsaidia nini? Siku akipata nimonia dawa ikagoma kwa vile bakteria wameshaizoea, ndugu zake watasema karogwa.

Baraza la Famasi, mkija kukagua msiishie kusoma cheti. Mwambieni mwenye picha ajitokeze, tena mje siku ambayo hamjatangaza.

Na nyie mnaokodisha vyeti, najua humu mmo: mnalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?