Naombeni ushauri: nimeripoti hitilafu mara tatu kwenye tovuti ya waprogramu, najibiwa "kwetu haionekani"

MwanaLangoni
Assalaam alaykum jamaa. Nina jambo linanikera wiki ya tatu sasa na sitaki kuliwacha hivi hivi.

Mimi niko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Najifunza kuprogramu kwa Python. Ami yangu hununua samaki kwa wavuvi akawapeleka bara kupitia Mokowe, na hesabu zake zote zimo kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi hadi kurasa zimegandana. Nikaona nimtengenezee programu ndogo: aina ya samaki, kilo, bei, tarehe, vyote viingie kwenye hifadhidata ya SQLite. Changu wakaingia. Tafi wakaingia. Kolekole wakaingia. Nilipofika kwenye ng'onda programu ikagoma.

Nikaenda kuuliza kwenye tovuti moja kubwa ya waprogramu, ya Kiingereza. Jina nalistiri, kwa sababu nimejifunza mengi pale na sitaki kuwaharibia. Swali nililiandika kwa makini, kisha nikalihariri mara mbili kuongeza msimbo. Asubuhi nakuta limefungwa, sababu: haieleweki anauliza nini. Kutazama kichwa cha swali, kimekatwa. Kinasema programu yangu inakwama nikiingiza "ng". Basi, kimeishia hapo. Wallahi sikuandika hivyo.

Nikaripoti kwenye sehemu yao ya maoni. Ripoti ya kwanza, kwa tafsiri: "Tovuti yenu inakata maneno ya watu. Imetokea jana saa 2 usiku. Tafadhali rekebisheni haraka." Wakajibu wamejaribu na kwao haionekani. Ya pili nikaandika kwa urefu zaidi, wakasema huenda ni mtandao wangu. Ya tatu ikafungwa kwa kuwa ni marudio ya ya kwanza.

Ikishasemwa "ni mtandao wako" kwa mtu aliye kisiwani, mazungumzo yamekwisha. Nitathibitisha vipi kwamba si mtandao? Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba mara nyingine kichwa hakikatiki. Kichwa kile kile, kompyuta ile ile, kinakaa kizima. Nimeanza kujishuku mwenyewe.

Nifanyeje? Niache, nihame, au kuna namna ya kuandika ripoti hata mtu asiyenijua akaiamini?

Kivuko7
Hama ndugu yangu. Tovuti za waprogramu ni nyingi. Mimi nilifungiwa maswali mawili nikahama na sijajuta.

BintiMalindi
Waalaykum salaam kaka. Usihame kwanza. Niko Malindi, na kazi yangu ni kupima programu kabla hazijatolewa kwa wateja, kwa hivyo ripoti za namna yako nazisoma tangu asubuhi hadi alasiri. Nitakwambia nilichokiona kwenye ile ya kwanza, na usinichukie.

Kwanza hiyo saa. Umeandika saa 2 usiku ukaitafsiri hivyo hivyo kwa Kiingereza. Sisi saa 2 usiku ni muda wa isha. Wao wamesoma saa nane za usiku wa manane. Msimamizi akifungua kumbukumbu za seva kutafuta kosa lako anatafuta mahali ambapo hukuwepo kabisa. Andika 20:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na useme ni 17:00 UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, maana seva nyingi huhesabu kwa UTC. Hili limewahi kunipotezea siku mbili nzima na mteja wa ng'ambo, kwa hivyo nalisema kwa uchungu.

Pili, umewaambia hukumu, "inakata maneno", hujawaambia safari. Bugzilla, mfumo wa kupokea ripoti za hitilafu ambao Mozilla, wenye Firefox, wameutumia tangu 1998, humuuliza anayeripoti mambo matatu: ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, na badala yake umeona nini. Mtu wa upande wa pili lazima aweze kukanyaga pale pale ulipokanyaga wewe. Ulibonyeza wapi kwanza? Kichwa kilikatika ulipotuma, au ulipohariri? Ulitumia kivinjari gani, toleo gani? Maneno halisi ya kichwa yalikuwa yapi, herufi kwa herufi?

Tena usiumie na "haionekani kwetu". Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waprogramu iliyoanza 2008, wana tovuti yao ya pembeni iitwayo Meta ya kupokea malalamiko na mapendekezo, na hitilafu isiyorudika hupewa alama ya status-norepro. Alama hiyo haimwiti mtu mwongo. Inasema tumefuata ulivyotueleza tukafika penginepo. Ni juu yako kuwapa njia inayofika.

Hebu nijibu hayo maswali hapa hapa. Na hiyo "mara nyingine haikatiki" usiione aibu, ndiyo ya thamani kuliko yote. Siku halikukatika ulifanya nini tofauti?

MwanaLangoni
Ahsante dada, hiyo ya saa sikuifikiria hata kidogo. Nimekaa nikakumbuka. Umeme ukiwa unasumbua huandika swali kwanza kwenye Word, halafu nanakili na kubandika. Siku za kubandika kichwa kilikaa kizima. Siku nilizochapa moja kwa moja kwenye ukurasa ndizo kilikatika. Lakini si mara tu baada ya kutuma: nilipotuma kilikuwa sawa, nilipohariri kuongeza msimbo ndipo kikakatika. Kivinjari ni Firefox.

Nahodha_wa_Seva
Mwanangu, umeshalitatua, bado hujajua tu kama umelitatua.

Tazama neno lako: ng'onda. Lina ritifaa, ile alama ndogo ya juu baada ya ng. Ukichapa moja kwa moja kwenye kivinjari unapata ritifaa iliyonyooka, ambayo kwenye Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake, ni U+0027. Word huibadilisha yenyewe ikawa ile iliyopinda, U+2019. Kwa jicho zinafanana, kwa kompyuta ni herufi mbili ambazo hata hazijuani.

Sasa ukurasa wa kuhariri. Kisanduku cha kichwa kwenye HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, hujazwa kwa kuweka maneno yako kati ya alama mbili. Wengine hutumia alama za kufunga maradufu, wengine hutumia ritifaa. Nashuku hawa, katika ukurasa wa kuhariri peke yake, wametumia ritifaa na wakasahau kuibadilisha ritifaa iliyomo ndani ya maneno ya mwandishi. Kivinjari kinasoma kichwa chako, kinafika kwenye "ng", kinakuta ritifaa, kinadhani maneno yamekwisha. Kisanduku kinaonyesha "ng". Wewe macho yako yako chini kwenye msimbo, unabonyeza hifadhi, kichwa kilichokatwa kinaandikwa juu ya kizima. Ritifaa ya Word haifungi kitu, ndiyo maana ilipita.

Msimamizi alipojaribu, bila shaka aliandika swali jipya, akalituma, akaliona zima, akaondoka. Hakulihariri, kwa sababu hukumwambia.

Ushauri wangu: katika ripoti weka neno lako la ng'onda, kwa kuwa ndilo lililokutokea, lakini hatua za kurudia zifanye kwa neno la Kiingereza lenye ritifaa, kama don't. Wao huliandika kila siku. Litakatika mbele ya macho yao na habari ya mtandao wa Lamu itakufa hapo.

BintiMalindi
Shikamoo Nahodha. Nimepita kwenye sehemu zao za maoni baada ya kusoma hili (naidhani tovuti yenyewe naijua). Kuna ripoti nyingine mbili za vichwa kukatika, zote ni baada ya kubadilisha sura ya ukurasa wa kuhariri, zote zimefungwa kwa "haionekani". Kaka, ukiandika upya zitaje zote mbili na viungo vyake. Malalamiko matatu yaliyotawanyika ni kelele, yakifungwa pamoja yanakuwa ushahidi.

Mshumaa
Subirini kidogo kabla hajaandika hadharani.

Kama Nahodha amepatia, hili limevuka mambo ya vichwa. Mahali ambapo maneno ya mtumiaji yanaweza kujifungua yenyewe na kutoka nje ya kisanduku, mtu mbaya anaweza kuweka msimbo wake badala ya neno. Na anayefungua ukurasa wa kuhariri maswali ya wengine ni nani? Wasimamizi. Msimbo huo utaendeshwa ndani ya kivinjari cha msimamizi, kwa mamlaka ya msimamizi. Ukiandika hatua zote kwenye sehemu ya maoni unamwonyesha kila mpita njia dirisha lisilo na komeo.

Tafuta njia yao ya faragha. Jaribu anwani ya tovuti ikifuatiwa na /.well-known/security.txt. Tangu 2022 faili hiyo ina kanuni yake rasmi, RFC 9116, na ndani yake huwekwa anwani ya kupokea taarifa za usalama. Wakiwa hawana, andikia barua pepe ya wasimamizi.

Na nakuomba sana, usijaribu kupachika msimbo ili "uthibitishe". Kuandika neno lako na kulitazama linavyokatika ni matumizi ya kawaida ya tovuti. Kujaribu kuendesha kitu kwenye mfumo wa watu bila idhini ni jambo jingine, na Kenya tuna sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao tangu 2018. Nia njema yako haiandikwi kwenye kumbukumbu za seva.

Kivuko7
Nimesoma yote. Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Vile vichwa vyangu viwili, kimoja kilikuwa na ritifaa.

MwanaLangoni
Shikamoo Nahodha, na ahsanteni nyote. Nimejaribu jana usiku kwa swali langu mwenyewe, neno don't, hakuna zaidi. Nikatuma, likakaa zima. Nikabonyeza hariri, na kabla sijagusa chochote kisanduku kilikuwa tayari kimekatika. Nikajaribu Chrome kwenye kompyuta ya jirani, ikawa vile vile. Nilikaa nikikitazama kile kisanduku muda mrefu. Wiki tatu nadhani ni mimi.

Faili ya security.txt wanayo. Ripoti niliyotuma kwa anwani hiyo, kwa Kiswahili chake, ni hii:

"Ukurasa wa kuhariri hukata kichwa cha swali kwenye ritifaa iliyonyooka, U+0027. Hatua: tuma swali ambalo kichwa chake kina neno don't. Kichwa kitaonekana kizima. Bonyeza hariri. Kisanduku cha kichwa kitaonyesha don peke yake. Ukihifadhi, kichwa kilichokatwa kitachukua nafasi ya kizima. Nilitarajia kichwa kibaki kilivyo. Ritifaa iliyopinda, U+2019, haina tatizo. Nimeona kwenye Firefox na Chrome, jana 20:15 saa za Afrika Mashariki, yaani 17:15 UTC. Mwanzo ilinitokea kwa neno la Kiswahili ng'onda. Inafanana na ripoti mbili nyingine zilizofungwa, viungo hivi hapa. Naleta faragha kwa sababu inaelekea maneno ya mtumiaji hayasafishwi kabla ya kuwekwa kwenye ukurasa. Sijajaribu kitu kingine zaidi ya hiki."

Dada BintiMalindi, kuna la kuongeza?

BintiMalindi
Hakuna. Ingekuja kwangu ningeifanyia kazi siku hiyo hiyo. Bandika picha ya skrini ya kile kisanduku, basi.

Nahodha_wa_Seva
Nami nina swali moja mwanangu, maana wote tumelisahau. Programu ya ami yako. Iligoma kwenye ng'onda kwa kosa gani? Nadhani ilikuandikia near "onda": syntax error.

MwanaLangoni
Hasa hivyo! Umejuaje?

Nahodha_wa_Seva
Kwa sababu ni ugonjwa ule ule, safari hii umo ndani ya msimbo wako. Umeunganisha maneno ya mtumiaji kwa alama ya kujumlisha ukaunda amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, na SQL nayo hufunga maneno kwa ritifaa. Ikafika "ng" ikaona yamekwisha, ikaikuta "onda" imekaa njiani isijue ni kitu gani. Usiunganishe. Weka alama ya kuuliza mahali pa thamani ndani ya amri, kisha ipe execute, ile kazi ya Python inayoendesha amri, zile thamani pembeni kama hoja ya pili. Moduli ya sqlite3 itazipeleka zilivyo, iwe ritifaa moja au kumi. Na kabla ya kuhifadhi, geuza U+2019 zote ziwe U+0027, ama sivyo siku moja ami atatafuta ng'onda aliyeandikwa kwa simu asimpate.

MwanaLangoni
Nimerudi baada ya siku nne. Tovuti wamejibu kwa barua pepe: wamethibitisha, ilitoka na ile sura mpya ya ukurasa wa kuhariri, wameirekebisha, na wameniomba radhi kwa lile la mtandao. Swali langu wamelifungua tena na kichwa kimerudi kizima. Zile ripoti mbili za wenzangu nazo zimefunguliwa zikawekewa alama ya kukamilika.

Kwa programu nimefanya kama Nahodha alivyosema. Leo baada ya alasiri ami alikaa mwenyewe kwenye kompyuta, akachapa kwa kidole kimoja: ng'onda, kilo 38. Imeingia. Akauliza pweza wanaandikwa wapi.