Tupeane uzoefu: kuishi na kipato kidogo Uingereza, pesa inaishia wapi na ufanye nini kwanza

Mtoa mada
Wadau, wengi huku nyumbani bado wanaamini Ulaya hakuna maskini. Uingereza kaya huhesabiwa maskini ikipata chini ya asilimia 60 ya kipato cha kati cha nchi, na wengi walio chini ya mstari huo wana kazi. Kinachowamaliza ni malipo kuchelewa na makato kutangulia. Wanaozijua taratibu waziweke hapa, hatua kwa hatua. "Komaa tu" haimsaidii mtu mwenye watoto na friji tupu.

Mwanamvita
Nianze na mita ya kulipia kabla. Anayeijua Luku asidhani ni kitu kimoja. Kule kuna tozo ya kila siku, ya umeme mbali na ya gesi mbali, na inahesabika hata usipowasha chochote. Gesi ndiyo inayotesa. Majira ya joto watu hawaongezi salio kwa kuwa hita zimezimwa, tozo inajilimbikiza, baridi ya Oktoba ikiingia unaweka pauni 20 na mita inameza sehemu kubwa kabla nyumba haijapata joto. Weka kiasi kidogo cha gesi kila mwezi, Juni hadi Septemba, hata kama huitumii. Salio la dharura nalo ni mkopo: linakatwa mara unapoongeza pesa.

Ukihamia nyumba, usitumie ufunguo wala kadi ya mita uliyoikuta. Huenda ina deni la mpangaji aliyeondoka, ukawa unamlipia yeye. Siku ya kwanza piga picha ya namba za mita, ipigie kampuni, omba ufunguo mpya. Deni likiwa lako kweli, sema unaweza kulipa kiasi gani kwa wiki. Kanuni za Ofgem, mdhibiti wa umeme na gesi, zinaitaka kampuni izingatie uwezo wako, lakini usingoje wakupigie wao.

Karani Mstaafu
Dada Mwanamvita kaeleza vizuri. Naongeza Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wasio na kazi na wenye kipato kidogo. Hesabu inaanza siku unapowasilisha ombi, si siku ulipoachishwa kazi: mwezi mmoja wa tathmini, ambao kipato chako kinapimwa, kisha hadi siku saba za kusubiri malipo. Ndizo zile wiki tano. Kwa hiyo usichelewe, isipokuwa mshahara wa mwisho unaingia siku chache zijazo. Hapo uliza kwanza Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, maana mshahara huo ukiingia ndani ya mwezi wa tathmini unahesabiwa kama kipato, na malipo ya kwanza yanapungua. Malipo ya awali yapo, ila ni mkopo unaokatwa kila mwezi hadi miezi 24. Chukua cha kukuvusha tu.

Mtego mwingine ni kwa wanaolipwa kila wiki nne. Mwaka una malipo 13, hivyo kuna mwezi mmoja wa tathmini utakaobeba mishahara miwili. Mwezi huo ruzuku hushuka, wengine hupata sifuri. Tafuta tarehe yake mapema kwenye kalenda, na ukipata sifuri ingia uombe upya mara moja, maana ombi huweza kufungwa.

Bi Pili wa Leicester
Chakula: benki nyingi za chakula (vituo vya kugawa chakula bure) za shirika la hisani la Trussell zinataka vocha kutoka kwa daktari, shule, au mshauri. Kifurushi ni cha angalau siku tatu: tambi, maharage ya kopo, nafaka, maziwa ya muda mrefu. Sema wazi kama huna jiko, unakula halali tu, una kisukari au una mtoto wa nepi. Wanapanga upya wakiambiwa. Usipopata vocha, hekalu la Masingasinga (gurdwara) hulisha yeyote anayeingia, bure, bila kuulizwa dini.

Ambao viza zao zinakataza fedha za umma, sikieni: benki ya chakula si fedha za umma. Matibabu ya NHS (huduma ya afya ya serikali) na shule ya serikali pia si fedha za umma. Universal Credit, Child Benefit (posho ya watoto) na nyumba ya halmashauri ndizo zilizokatazwa. Mwenye mtoto asiye na chakula wala pa kulala aende halmashauri akaombe msaada chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, na ampate mwanasheria wa uhamiaji kuhusu kuondolewa sharti hilo. Maombi yenyewe hayalipiwi.

Mtoa mada
Asanteni. Na kodi ya halmashauri (council tax), si ya pango?

Karani Mstaafu
Hiyo usiichezee, mkuu. Ukikosa awamu na kupuuza barua ya ukumbusho, unadaiwa salio la mwaka mzima kwa mkupuo. Halafu mahakama, halafu madalali, na kila hatua ina gharama yake. Omba punguzo la kipato kidogo mapema. Dalali akija kwa deni hili mara ya kwanza haruhusiwi kuvunja mlango, ila usioufunga ataingia. Zungumza naye dirishani. England na Wales, mshauri wa madeni anaweza kukuombea Breathing Space: siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kukufuata wala kuongeza riba. Bili za sasa unaendelea kulipa.