Mama analima mwani, mie nataka kuwa mwanasayansi wa bahari. Nianzie wapi?

binti_bamvua: Asalaam alaikum. Mie msichana wa miaka 16, nipo fomu 3 huku kaskazini Pemba. Tokea mdogo nashuka pwani na mama maji yakitoka, namfungia mbegu za mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba. Zamani akilima kotonii kwa vile bei yake inaishinda spinosamu, ile aina nyengine ya mwani, lakini sasa ukiipanda inafanya vidoa vyeupe, inalainika, ukiishika inakatikia mkononi, siku chache tu kamba tupu. Mama anasema kudra ya Mungu, mie sikatai, lakini nataka kujua kwa nini kamba za karibu na mikoko zinakufa mwanzo na za kule mbele zinabaki. Mwaka jana nikaanza kuandika kwenye daftari, mvua imenyesha lini, jua kali lini, kamba ipi imeanza weupe. Shida baba anataka nisome unesi, anasema bahari haina ajira. Na skuli kwetu maabara hamna kitu, praktiko tunachorewa ubaoni. Fizikia nayo inanipiga kweli. Fomu 5 nichukue PCB (fizikia, kemia, bailojia) au CBG (kemia, bailojia, jiografia)? Na kazi hii ipo kwa mtoto wa kike wa Pemba?

kijana_wa_wete: Waalaykum salaam mdogo wangu. Hilo daftari usilipoteze! Huo weupe wanauita aisi-aisi. Mwani unachoka kwanza, maji yakipata joto sana au mvua kubwa ikipunguza chumvi, halafu bakteria wanaumalizia. Kule kwenye mikoko maji haba, mchana yanakuwa kama ya chai, ndo maana zinaanza zile. Umeliona mwenyewe kwa macho. Na mwanamke yupo, Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani miaka mingi hapa Zanzibar, ndiye aliyehimiza wakulima kupanda kwenye nyavu za mirija maji ya kina ambako joto halipandi sana. Taasisi ya Sayansi za Bahari ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo hapa hapa Unguja tokea 1978, siku hizi wako Buyu. Hujavuka hata kwenda bara.

mwalimu_wa_bailojia: Mwanangu, kemia na bailojia ndio mzizi, hizo usiziachie hata kidogo. Kuhusu fizikia usikimbie kwa kuogopa, tafuta mtu akae nawe jioni mbili tatu, mara nyingi kinachompiga mtoto ni hesabu zilizo ndani yake. Ukiona bado nzito CBG si aibu, lakini kabla ya kuchagua angalia kitabu cha vigezo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kinatoka kila mwaka, uone kozi unayoitaka inadai masomo gani. Na muombe mwalimu wako tamomita, kile kipimajoto. Pima maji ya mikoko na ya mbele siku moja, saa moja, uandike. Baba naye umuoneshe daftari, usibishane nae kwa maneno.

bi_mkubwa_jambiani: Mie mkulima miaka ishirini na kitu. Hayo ya maji ya kina nayajua, lakini wengi wetu hatujui kuogelea na hatuna ngarawa, sasa nyavu utazifikia vipi? Wanakuja watu na karatasi wanatuuliza, tunawajibu tumesimama kwenye maji mpaka kiunoni, wakiondoka hatusikii walichokipata. Mwani wetu unakwenda kufanywa dawa ya meno na aiskrimu huko nje, sisi mgongo unauma. Kwa hiyo mwanangu soma, wallahi soma, tupate mtafiti mmoja ambae mkono wake ushafunga taitai, hatutakuwa na haja ya kumueleza. Na ujifunze kuogelea.

binti_bamvua: Nimesoma yote mara mbili, Mungu awalipe. Bi mkubwa, kuogelea najua, kaka zangu walinifundisha. Jana usiku nikamsomea baba daftari, hakusema kitu, akaniuliza tu ile mvua ya masika ilikuwa tarehe ngapi, nikamuonesha. Asubuhi mama kanambia kamba tatu za mbele ziwe zangu, nipande kotonii nijaribu. Tamomita mwalimu kasema ipo moja, ananipa Ijumaa. Bamvua, yale maji ya kujaa na kutoka sana, linaanza Jumamosi.