Poda ya alumini nitridi inanuka amonia, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mikindani, Mtwara, namalizia utafiti wa uzamili. Poda yangu ya alumini nitridi (kampaundi ya alumini na nitrojeni) niliitengeneza chuoni kwa kloridi ya alumini na urea (ndugu yake ile ya mbolea, ila safi), nikaichoma kwenye mkondo wa nitrojeni kwa nyuzi 1000 za Selsiasi. Njia ya kuchoma alumina (oksidi ya alumini) na kaboni inataka 1600 kwenda juu, tanuri letu haliwezi.

Sasa kila nikifungua chupa, amonia inanipiga puani! Bila shaka unyevu wa huku pwani unaigeuza hidroksidi ya alumini, na nitrojeni yake inatoka kama amonia. Mliowahi kushika hii kitu, niipake asidi ya steariki (asidi ya mafuta, izuie maji) au niitunze kwenye ethanoli kavu? Nimebakiwa na gramu 12 tu, na gesi ya nitrojeni ya kutengenezea nyingine imeisha.