Watoto wawili wa mbwa wa tumbo moja, wote majike: niwalee pamoja au niwatenganishe?

Nzuguni_B

Habari zenu wakuu. Nina watoto wawili wa mbwa, German Shepherd aliyechanganyika na wa kienyeji, majike wote, tumbo moja, wiki 8. Wamepata chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo. Banda ni moja, futi 6 kwa 8, uwanja una ukuta na geti. Watu wazima tupo wawili, mmoja anashinda nyumbani, na kuna watoto wa shule. Nataka ulinzi wa usiku, lakini mchana mgeni akija mbwa watulie wakiambiwa.

Aliyeniuzia anasema wawili ni bora kwa kuwa hawalii usiku. Jirani anasema nirudishe mmoja kabla sijachelewa. Je, walale pamoja? Sahani moja au mbili? Mafunzo yaanze lini? Na ni kweli majike wa tumbo moja huja kupigana?

---

MtuWaMbwa

Mkuu, aliyekuuzia hajadanganya, hawalii. Hawalii kwa sababu kila mmoja ameshapata wa kumtegemea, na huyo siye wewe. Mtoto wa mbwa anayeingia nyumbani peke yake hana budi kumsoma binadamu: sauti, mkono, muda wa kula. Wawili wakiwa pamoja usiku na mchana husomana wao. Wakifika miezi 5 au 6 unaita hakuna anayegeuka. Ukimtoa mmoja nje ya geti anatetemeka na kukataa hata nyama, na aliyebaki anabweka mpaka mwenzake arudi. Kuna wanaouita huu ugonjwa. Hauna kipimo kwa daktari yeyote, na ndugu wengi tu hukua vizuri. Unatokana na ile tabia yetu ya kuwafungia banda moja, chakula asubuhi na jioni, basi.

Anza na kulala. Ligawe banda lako katikati kwa wavu, kila mmoja apate futi 4 kwa 6. Nafasi hiyo inawatosha mpaka kama miezi 5, kisha ujenge la pili. Wiki ya kwanza waonane na kunusana kupitia wavu. Wiki ya pili ziba nusu ya chini kwa ubao. Wiki ya tatu mmoja ahamie sehemu nyingine kabisa, veranda au stoo yenye hewa. Ukiruka hatua watapiga mayowe, na ukiwarudisha pamoja wakiwa katikati ya mayowe umewafundisha kwamba kelele hufungua mlango.

Mchana kila mmoja awe na muda wa kukaa mbali na mwenzake. Anza na dakika 5 akiwa na kitu cha kutafuna, panda hadi 10, 20, na akifika wiki 12 hadi 14 aweze saa nzima. Kipimo chako ni chakula. Mpe kipande akiwa peke yake. Akila, uko sawa, akikataa umemweka mbali mno au muda mrefu mno, punguza. Na upokezane: leo huyu anatoka huyu anabaki, kesho kinyume chake. Watu humtoa yule mchangamfu kila siku kwa sababu ndiye rahisi, halafu wanashangaa mwingine amekuwa mwoga wa hata ndoo.

Wacheze pamoja, ndiyo, mara tatu au nne kwa siku, dakika 15 hivi, mtu akiwepo. Kila baada ya dakika 2 au 3 waite, wape punje moja, kisha waruhusu waendelee. Kuitwa kusiwe na maana ya mchezo kuisha.

Mafunzo yanaanza leo hii. Dakika 3 hadi 5, mara tatu kwa siku, mmoja mmoja, mwenzake asionekane wala asisikike. Majina yasifanane: Simba na Simbi ni kujitafutia shida, Simba na Keti wanatofautishika. Fundisha jina, kisha njoo, kaa, acha. Neno likishika ndani, lirudie uwanjani. Likishika uwanjani, mfunge mwenzake kamba mita 5 pembeni, urudie tena. Kuwafundisha wote kwa pamoja toka mwanzo ni kupoteza chakula, maana mmoja anakaa na mwingine anaigiza bila kujua ameambiwa nini.

Haja pia kila mmoja na safari yake: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na takriban kila saa 2 mchana. Ukiwatoa pamoja watacheza, watasahau kilichowatoa, kisha watakojoa mkeka wa sebuleni.

---

Josho

Naongezea upande wa afya, kwa sababu ndugu wawili wana mitego yao.

Chanjo ya mchanganyiko, ile ya parvo (virusi vya kuharisha), distempa na homa ya ini, hairuhusu kuishia dozi moja. Irudiwe kila wiki 3 hadi 4 mpaka watimize wiki 16. Sababu ni kwamba kinga waliyopata kwenye maziwa ya mama huiua chanjo, na kinga hiyo huisha kwa tarehe tofauti kwa kila mtoto hata kama ni tumbo moja. Kwa hiyo baada ya dozi mbili mmoja anaweza kuwa salama na mwenzake bado. Kichaa cha mbwa wachanje wakifika miezi 3. Kila mmoja awe na kadi yake, yenye alama ya kumtambua. Kadi moja ya "mbwa wawili" huleta utata siku mmoja akimuuma mtu.

Mmoja akikataa kula, akatapika na kuharisha, hasa kuhara kwenye damu na harufu kali, usisubiri kesho. Parvo humaliza maji mwilini haraka. Mwenzake mhesabu kuwa ameshaambukizwa hata kama anarukaruka: mtenge, umwangalie kwa wiki 2. Virusi hivi vinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Sakafuni ondoa kinyesi, osha kwa sabuni, kisha mimina jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji, ikae dakika 10 ndipo usuuze. Ukimwaga jiki juu ya uchafu haifanyi kazi.

Dawa ya minyoo ni kwa uzito, na hapa ndipo watu hukata kidonge nusu kwa nusu. Ndugu wanaweza kupishana kilo nzima. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha bila yeye, toa. Baada ya wiki 8 endelea kila mwezi hadi miezi 6. Una watoto wa shule hapo nyumbani, kwa hiyo kinyesi kiokotwe kila siku; mayai ya minyoo ya mbwa hukomaa kwenye mchanga na kumwingia mtoto kupitia mikono.

Kupe: tafadhali sana, usiwaogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe, wala usiwachome ivermectin ya mifugo, ile sindano ya minyoo na wadudu, kwa kukisia. Kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo 5 ni sumu, na German Shepherd ni kati ya jamii ambazo baadhi yao huzidiwa na ivermectin. Nunua dawa iliyoandikwa mbwa na umri wa kuanzia. Wakague masikioni na katikati ya vidole. Ufizi ukiwa mweupe, ana joto na mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, hiyo ni homa ya kupe mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo.

---

Binti Kilosa

Nitakuwa upande wa jirani yako kidogo. Kati ya michanganyiko yote, jike na jike wa tumbo moja ndiyo inayohitaji uangalizi mkubwa. Dume na jike wana shida nyingine: joto la kwanza, yaani kipindi cha jike kutaka dume, huja kati ya miezi 6 na 12, kwa mbwa wakubwa hata baadaye, na udugu haumzuii dume kumpanda dada yake. Majike wawili hawazaliani, ila wakianza kupigana hupigana kwa kuumizana kweli, na mara nyingi huanza wakishapevuka, kuanzia mwaka 1 hadi 3. Watu husema "walikuwa wakipendana". Walikuwa watoto.

Ukitaka kurudisha mmoja, fanya wiki hii au ijayo, bado ni rahisi kwake kuzoea kwingine. Piga hesabu kwanza. Haya aliyoandika MtuWaMbwa ni kama saa moja na nusu kwa kila mbwa kila siku, kwa miezi 6 ya kwanza. Nyie ni watu wazima wawili, mmoja yupo nyumbani. Mnaweza, mradi kila mmoja asijitwalie mbwa wake. Badilishaneni, la sivyo mtakuwa na mbwa wawili wanaomsikia mtu mmoja mmoja.

Sahani mbili, na umbali usipungue mita 3, au huyu jikoni huyu uani. Milo 4 kwa siku hadi miezi 3, kisha 3 hadi miezi 6, kisha 2. Dakika 15 ondoa sahani zote, hata kama chakula kimebaki, ndipo wakutane. Chakula kinachoachwa chini kutwa ndicho kinachomfundisha mmoja kukilinda. Mfupa usitolewe wakiwa pamoja, na mfupa uliopikwa usitolewe kabisa, unavunjika vipande vikali. Ukiwapikia ugali na dagaa, usiweke kitunguu.

Jifunze kutofautisha mchezo na ugomvi. Kwenye mchezo wanapokezana, huyu chini, sasa yule, miili inalegea. Yule yule akiwa chini kila siku, analia na mwenzake haachi, watenganishe dakika chache. Wakikua, angalia kukazana mwili, kukodoleana macho, kumwekea mwenzake shingo begani, kumzibia mlango. Ugomvi huanzia pale penye msisimko: geti linapogongwa, unaporudi kazini, wakati wa chakula, na mmoja akiwa kwenye joto. Kwa hiyo geti likigongwa kila mmoja awe na mahali pake pa kwenda. Hiyo ndiyo amri utakayoitumia mgeni akija.

Wakishikana usitie mkono shingoni, utaumwa wewe. Maji ya bomba au ndoo, ubao mpana uingie katikati, kila mmoja afungiwe kwake. Kagua chini ya manyoya, maana jino huacha tundu dogo juu na jeraha kubwa ndani. Usiwakutanishe jioni ile ile "wapatane". Kuwafunga uzazi nakushauri kwa ajili ya mimba na joto, muda upange na daktari, lakini usitegemee upasuaji utamaliza ugomvi ulioshaanza kati ya majike. Wengine huishia kutenganishwa maisha yote, zamu kwa zamu.

---

Nzuguni_B

Asanteni sana. Wavu nimeuweka. Yule mdogo analia hadi nusu saa, nimwache? Na kuwatoa nje kuzoea watu itakuwaje na chanjo hazijakamilika?

---

MtuWaMbwa

Usimwache alie mpaka achoke, na usimrudishe kwa mwenzake. Kaa karibu na wavu bila kumsemesha, akitulia ondoka hatua mbili, rudi kabla hajaanza tena. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kanga husaidia, na kitambaa walichokuwa wanalalia pamoja kikate, kila mmoja apate nusu. Mlo wa mwisho saa 1 usiku, atolewe kukojoa saa 4, kisha mara moja saa 8 usiku. Mara nyingi kilio cha saa 8 ni kibofu tu.

Kuhusu kutoka, usisubiri wiki 16. Umri wa kuzoea dunia bila woga hufungwa karibu na wiki 14, umebaki na wiki kama 6. Mbebe mikononi, au kaa naye kwenye mkeka safi ndani ya geti likiwa wazi, mmoja leo, mwingine kesho, dakika 10. Aone bodaboda, mwamvuli, mtu mwenye fimbo, kanzu, buibui, watoto wakikimbia, na kila kitu kipya kiandamane na punje ya chakula. Asishuke chini kwenye majalala wala njia wanapopita mbwa wa mtaani. Akikaza mkia na kugeuza uso, sogea nyuma mpaka ale tena.

---

Josho

Huyo mdogo mpime kila wiki siku ile ile. Asipoongezeka wiki moja wakati mwenzake anaongezeka, angalia kwanza kama analiwa chakula chake, kisha minyoo, kabla hujasema ni huzuni.