Mkondo wa umeme huvukaje kihami bila volteji?

Mwalimu, Lamu:
Assalamu alaykum. Tangu Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2025 ilipotolewa kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, mwanafunzi wangu mmoja haniachi nipumue kuhusu kiungo cha Josephson. Nimemweleza kwamba ni superkondakta mbili, yaani metali zilizopozwa hadi ukinzani wake ukatoweka, zilizotenganishwa na utando wa kihami (kitu kisichopitisha umeme) wenye unene wa nanomita moja au mbili. Yaliyonishinda ni mawili: mkondo unavukaje utando huo ilhali volteji ni sifuri, na kwa nini ukiweka volteji isiyobadilika mkondo hugeuka kuwa wa kwenda na kurudi?

Fundi wa majokofu, Malindi:
Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Nionavyo mimi, ni elektroni tu zinazopenya, kwani utando mwembamba kiasi hicho hauzizuii kabisa. Kinachonishangaza zaidi ni baridi yenyewe: majokofu ya samaki ninayoyatengeneza hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, nayo metali ya niobi hutaka takriban nyuzi 264 chini ya sifuri ndipo ukinzani uondoke.

Mtafiti, Malindi:
Maelezo ya Fundi yanatufikisha nusu ya njia. Elektroni mojamoja hupenya kweli, na Ivar Giaever alilionyesha hilo kwa superkondakta mwaka 1960, lakini hazivuki kwa wingi mpaka volteji ifike kiasi fulani. Brian Josephson, akiwa mwanafunzi wa miaka 22 huko Cambridge mwaka 1962, alikokotoa kwamba jozi za elektroni, yaani elektroni zilizoshikana mbilimbili ndani ya superkondakta, nazo huvuka, tena bila volteji yoyote. John Bardeen, mmoja wa waasisi wa nadharia ya jozi hizo, alimpinga. Mwaka uliofuata Philip Anderson na John Rowell wakaupima mkondo wenyewe.

Jozi zote za upande mmoja hutenda kama wimbi moja, na kila upande una fezi yake. (Fundi asidhani ni fezi ya nguzo ya umeme, hapa ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake.) Mwalimu, funga kamba baina ya viti viwili, kisha utungike chupa mbili za maji za nusu lita kwa nyuzi za urefu sawa. Zikibembea pamoja, hakuna inayoipa nyingine nguvu. Moja ikitangulia kwa robo ya mzunguko, iliyotangulia huisukuma iliyobaki nyuma kupitia kamba, ingawa zote mbili zinabembea kwa upana uleule. Ndivyo mkondo unavyovuka utando: unaamuliwa na sini (sine ya trigonometria) ya tofauti ya fezi, si volteji. Ila chupa inayotoa hatimaye huishiwa, ilhali kiungo hujazwa upya na saketi. Tena mkondo una kikomo, na ukikivuka, volteji hujitokeza.

Sasa fupisha uzi mmoja kidogo. Chupa hiyo itabembea haraka zaidi, tofauti ya fezi itakua bila kusimama, na nguvu itakwenda huku kisha irudi kule. Volteji hufanya kazi ya uzi huo mfupi. Milivolti moja hutoa mizunguko bilioni 483.6 kwa sekunde, wakati umeme wa nyumbani kwetu hufanya 50. Uwiano huu haujali metali iliyotumika wala umbo la kiungo, na ndiyo maana maabara za vipimo huutumia kusawazishia volti.

Fundi wa majokofu, Malindi:
Basi nguvu ya betri inakwenda wapi, ikiwa mkondo unakwenda na kurudi tu?

Mtafiti, Malindi:
Swali zuri. Jozi inayovuka chini ya volteji hulazimika kuitoa nguvu iliyozidi, nayo huitoa kama fotoni moja, yaani punje moja ya mawimbi ya redio yenye marudio hayohayo.

Mwalimu, Lamu:
Nimejaribu barazani baada ya Alasiri, uzi mmoja ukiwa mfupi kwa sentimita 2. Chupa ya kushoto ilipungua mwendo, ikashika kasi tena, ikapungua, na ya kulia kinyume chake, na hakuna iliyosimama kabisa. Mwanafunzi anahesabu mizunguko. Kesho tunaufupisha kwa sentimita 4 tuone kama kupokezana kutaongeza kasi.